Kustaafu kwa Mheshimiwa Mzito

Roketi ya nchi yetu haijawahi kuungua, haijawahi kuanguka, na haijawahi kuchelewa. Ukimkuta mtu anabisha, muulize amesoma wapi. Mimi Pazi nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaacha kwa hiari ya mkuu wa shule, na nakuthibitishia kwamba duniani kote hakuna roketi yenye rekodi safi kama yetu.

Jina la nchi sitalitaja. Siogopi mtu, ni kwamba jina limepelekwa kwa mchapishaji kufanyiwa marekebisho, na mpaka lirudi tumeagizwa tuseme "hapa kwetu".

Roketi yenyewe iliitwa Mheshimiwa Mzito. Ilikuwa mitungi mitatu mirefu iliyofungwa ubavu kwa ubavu, kama ndugu watatu wanaojibana ili waenee kwenye picha moja ya pasipoti, na ilibeba mizigo ambayo roketi nyingine zikiiona tu zinaomba likizo ya ugonjwa. Uheshimiwa iliupata kisheria. Katiba ya hapa kwetu inasema hakuna kitakachokuwa juu ya Rais. Sasa roketi inapaa. Wanasheria wakajifungia, wakatoka na jawabu: iteuliwe kuwa Katibu Mkuu, na kila ikiruka ihesabike kwamba Rais ameituma safari ya kikazi. Siku ya kuapishwa haikunyanyua mkono wa kulia, maana haina, lakini ilitoa moshi, na Jaji Mkuu akasema kile kiapo amekisikia vizuri.

Sasa kuhusu kuungua. Mheshimiwa alikuwa anakunywa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika baridi sana, kiasi kwamba barafu ukiisogeza karibu nayo inajiona chai. Kabla injini hazijashika vizuri, gesi kidogo hutokea chini, na kwa wepesi wake hupanda ikimlamba mbavuni. Halafu cheche. Basi kila safari, kabla hajanyanyuka hata kimo cha mbuzi, Mheshimiwa alikuwa anawaka mwili mzima, kisigino mpaka shingo, na ile ngozi yake ya rangi ya chungwa inageuka kama hindi lililosahauliwa kwenye mkaa. Kila safari, bila kukosa. Lakini hakuungua. Wizara ilitoa ufafanuzi kwamba Mheshimiwa "huonyesha hisia".

Niliposema haijawahi kuungua, nilimaanisha kwa maandishi.

*

Utumishi wake ulikuwa wa kupigiwa mfano. Safari ya kwanza alipaa vizuri, ila mapovu yakaingia kwenye bomba, vipimo vikadhani tanki limekwisha, injini zikajizimia njiani. Mzigo ukaachwa chini ya njia uliyotakiwa kuzunguka. Nchi nyingine ingesema imeshindwa. Sisi tuliishusha ile njia. Likatoka tangazo kwenye Gazeti la Serikali kwamba kuanzia siku hiyo anga la hapa kwetu litahesabiwa kuanzia pale mzigo ulipofikia. Bahati mbaya mzigo haukusoma tangazo, ukaendelea kushuka.

Baada ya hapo akapewa mizigo ya siri. Siri zenyewe zilikuwa siri hasa: wapakiaji walifungwa vitambaa machoni, na mzigo mmoja ukaruka mtupu kwa sababu mwenyewe hakuambiwa kuwa ni wake. Safari nyingine akapeleka chombo kulikagua Jua, maana Idara ya Uhamiaji ililalamika kwamba linaingia kila siku kupitia mpaka wa mashariki bila kugonga muhuri.

Aliyemfurahia kuliko wote alikuwa Waziri wa Maji. Aligundua kwamba haidrojeni ikiungua hugeuka mvuke wa maji, hivyo akatangaza kwamba kila mruko ni mradi wa maji vijijini. Vijiji vyote vilivyo upande unakovuma upepo vikafutwa kwenye mpango wa visima. Bibi mmoja alisimama mkutanoni na ndoo yake akauliza, "Na sisi ambao hayo maji hayajatufikia?"

"Mama," Waziri akamjibu kwa upole, "yamekufikia. Ila yamefika yakiwa yamekauka."

Halafu kuna jambo dogo la kurudi. Mheshimiwa hakuwa anarudi. Kila aliporuka, mitungi yake iliishia baharini, na kiwanda kikaunda mwingine. Lakini jina lilikuwa lile lile na cheo kile kile, kwa hiyo kisheria alikuwa mmoja, mwenye tabia ya kwenda likizo ndefu. Ndiyo maana nasema haijawahi kuanguka. Wanaoanguka ni waliomtangulia.

*

Umri wa kustaafu ukafika. Serikali ikaamua safari yake ya mwisho iwe sherehe ya kitaifa ya kumuaga, na abebe kitu cha maana hasa: Jicho la Mvua, chombo cha kukaa juu kabisa na kuwaambia wakulima lini wapande na lini wasubiri. Zawadi za kustaafu, yaani saa ya ukutani na godoro, zikafungwa humo humo ndani pamoja na mzigo, kwa sababu baada ya sherehe isingejulikana wamkabidhi wapi.

Mshereheshaji nikateuliwa mimi. Nilikuwa nimeshachekesha harusi nyingi, na hata msiba mmoja kwa bahati mbaya.

Kabla wageni hawajaingia uwanjani, Inginia Siwatu aliniita pembeni. Huyu mama alikuwa mkuu wa kikosi cha kumjaza Mheshimiwa gesi. Kasomea nchi za watu, mkali kama pilipili kichaa, lakini mimi alinipenda kwa sababu nilimchekesha mwanawe siku ya harusi yake mpaka akasahau kulia.

"Pazi mwanangu, unauona ule moshi mweupe kule juu?"

"Nauona mama. Mheshimiwa anavuta."

"Havuti. Anapungua. Hii gesi haikai mahali. Inachemka yenyewe na kuondoka, na kazi yangu ni kumjazia huku ikiondoka. Lakini akiba yangu ina mwisho. Mkirefusha sherehe, nitafika mahali sina tena cha kumjazia."

"Sasa mimi mpiga maneno nahusika wapi?"

"Wewe ndiye mwenye kipaza sauti. Chumba cha kuongozea kimepewa amri kisikilize jukwaa tu, mimi hawanisikilizi. Nikija kukwambia kata, ukate hapo hapo. Utangaze tumeahirisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Inginia."

"Usinichekee."

"Sicheki mama, ndivyo nilivyozaliwa."

*

Mgeni rasmi alikuwa Dakta Malugu, Waziri wa Anga na Mambo Yaliyo Juu. Alichelewa. Hilo si kosa. Hapa kwetu mgeni rasmi akifika kwa wakati, watu huulizana kama amefutwa kazi. Itifaki inataka asiondoke nyumbani mpaka aambiwe wageni wote wamekaa, na wageni nao hawakai mpaka waone gari lake. Huwa wanategeana hivyo mpaka jua lichoke.

Mimi nikaushikilia umati. Na wallahi niliushika! Nikisema simameni, hata makanali wanasimama. Nikisema kaeni, maaskofu na masheikh wanakaa. Ukishawahi kumwambia kanali akae akakaa, kipaza sauti kinakuwa kizito kukirudisha. Nilitambulisha wabunge, nikatambulisha wake zao, nikatambulisha vikundi vya ngoma, nikatambulisha mti uliopandwa na mgeni rasmi aliyepita. Nyuma yetu Mheshimiwa anatoa moshi mweupe taratibu, na watu wanasema tazama anavyopendeza.

Dakta Malugu alipofika alizungumza kwa kirefu. "Ndugu wananchi," alinguruma, "wapo wanaosema nchi ndogo haiwezi kuwa na roketi kubwa. Nawauliza, hivi tumbo langu lilianza likiwa hivi? Tulianza kidogo! Tukapanda! Na tukishapanda, hatushuki!" Makofi. "Na kama tutashuka, tutashuka kwa ratiba!" Makofi zaidi, bendi ya matarumbeta ikapuliza.

Hapo ndipo Inginia Siwatu alipopanda jukwaani na kofia yake ya kazi kichwani. Kwa adabu nikaziba kipaza sauti kwa kiganja. Matarumbeta yalikuwa yanapiga kelele, ikabidi anisemee sikioni kwa sauti. Aliniambia maneno mawili matatu ya kawaida, salamu za sherehe tu, nami nikamjibu vizuri. Kisha nikafungua kipaza sauti nikawaambia watu, "Inginia anasema Mheshimiwa amebanwa, anaomba ruhusa!"

Uwanja ukavunjika mbavu. Dakta Malugu alicheka mpaka akafuta miwani, akaagiza ngoma moja ya nyongeza. Inginia alibaki amesimama ananitazama. Halafu akashuka ngazi akikimbia kuelekea kwenye matanki, na kofia ikamdondoka, hakurudi kuiokota. Mimi nikaendelea na utambulisho.

Muda wa kuruka ulipofika, Waziri mwenyewe alihesabu kurudi nyuma. Alipotea kwenye saba, akaanza upya. Mheshimiwa akashika moto mwili mzima kama kawaida yake, akatoka ndani ya ule moto akiwa mweusi tii, akapanda. Na lazima niseme ukweli, alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kiasi kwamba nilisahau kuchekesha. Watu walishika vifua. Kisha kule juu, mapema mno, ngurumo ikakatika. Ikawa kimya. Mheshimiwa, aliyekuwa amebaki kidoa cheusi, akasimama, akawaza, akaanza kupinda kuelekea baharini.

Nikanyanyua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, Mheshimiwa ameamua kustaafia ufukweni!"

Wakapiga makofi. Tulikuwa tumewazoesha.

*

Jicho la Mvua liliingia majini pamoja na saa na godoro, na wakulima wakarudi kutazama mawingu kwa macho. Ikabidi apatikane mkosaji. Mheshimiwa hawezi kukosea, ni Katibu Mkuu. Mgeni rasmi hawezi, kwa kuwa ni mgeni, na pia ni rasmi. Hivyo akakamatwa Inginia Siwatu, kwa kosa la kumnyima mtumishi wa umma chakula akiwa kazini. Ikatangazwa kwamba tume ikimtia hatiani, atafungwa mpaka Mheshimiwa Mzito apatikane baharini akiwa mzima.

Mimi nikaitwa na Dakta Malugu ofisini kwake. Alinimiminia juisi kwa mkono wake.

"Kijana, siku ile jukwaani ulisikia chochote?"

"Kuhusu nini, mzee?"

Akanitazama kwa furaha kama baba aliyeona mtoto akitembea. "Hivyo hivyo! Una kipaji wewe." Na hapo hapo nikateuliwa kuwa Mkurugenzi wa Bashasha ya Taifa, mwenye kiti kinachozunguka. Sikuomba. Nilipewa. Mtu akipewa kiti anakaa, si ndiyo adabu?

Nilikwenda kumwona Inginia mahabusu siku moja kabla ya tume kukaa. Sikwenda kwa sababu nilikuwa na jambo moyoni. Nilikuwa napita njia ile. Ni kweli siyo njia ya kwenda popote, lakini nilikuwa napita. Tulikaa upande huu na upande huu wa wavu.

"Umenenepa," aliniambia.

"Cheo, mama."

"Hongera. Sasa sikiliza. Nimewaambia nilipanda jukwaani nikakuonya. Wanasema nithibitishe. Nimewaambia muulizeni Pazi."

"Mama..."

"Sitaki unisemee vizuri. Usinitetee, usinisifu. Sema tu nilichosema."

"Nitasema."

"Mwanangu kaniuliza jana nitatoka lini. Nimemwambia Pazi yupo." Akanisogelea kwenye wavu. "Una nini machoni?"

"Vumbi."

"Humu hakuna vumbi. Tunapangusa wenyewe, asubuhi na jioni."

Askari akasema muda umekwisha. Nilikuwa nimefika barabarani nilipoona kwamba ule mfuko wa chapati niliomnunulia bado ninao mkononi. Nilikuwa nimeushika muda wote tunaongea. Geti lilikuwa hatua chache tu nyuma yangu. Nikasimama pale nikazila mwenyewe, moja baada ya nyingine, na sikumbuki kama zilikuwa na chumvi.

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho, ikarushwa moja kwa moja na televisheni ili wananchi wajionee haki ikitendeka kwa picha safi. Mwenyekiti alikuwa Jaji Kisarika, mwanamama mzito wa kope, ambaye ukisema jambo la kijinga alikuwa anaandika kitu kifupi sana. Inginia Siwatu aliletwa akiwa na sare ya mahabusu, akakalishwa mbele. Walinipa kiti jirani na chake.

Hapa nimtaje mtu mmoja ambaye sikumtaja mapema kwa kuwa hakuwa na kipaza sauti. Kila shughuli ya serikali inayorushwa na televisheni huwa na mkalimani wa lugha ya alama, kwa ajili ya viziwi. Wetu anaitwa Teofili, jibaba la ndevu, na kazi yake ni kusimama kando, siku ya sherehe begani kwangu kabisa, na kutafsiri kwa mikono. Sheria ya hapa kwetu ina mambo mawili juu yake. La kwanza, atafsiri kila neno linalotolewa shughulini, kwa mdomo au kwa mikono, hata kikohozi. La pili, asiseme hata neno moja la kwake mwenyewe. Ukimuuliza Teofili saa ngapi, anakutazama tu.

"Bwana Mkurugenzi," Jaji akaanza, "mshtakiwa anadai alikuja jukwaani akakuonya kwamba gesi imekwisha. Alikwambia nini?"

Sikumtazama Inginia. Nilitazama ukuta, kulikuwa na picha ya Mheshimiwa Mzito akiwa bado wa rangi ya chungwa.

"Mheshimiwa Jaji, makelele ya bendi yalikuwa mengi. Nilichosikia ni kwamba alinitakia sherehe njema."

Teofili akatafsiri. Inginia Siwatu aliguna kidogo tu, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni na hataki ugomvi. Jaji akaandika kile kitu chake kifupi.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma ya ukumbi na kunyanyua mikono. Askari wakamfuata, lakini mikono yake tayari ilikuwa inasema, na Teofili, kwa mujibu wa sheria, akafungua kinywa. Mkalimani husema kama yeye ndiye mwenye maneno, kwa hiyo lile jibaba la ndevu likatoa sauti nene ikajaa ukumbi:

"Mimi naitwa Mwanne. Nashona magauni. Mimi ni kiziwi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikajisikia nafuu.

"Siku ya sherehe nilikuwa dukani natazama televisheni. Kwenye kona ya skrini alikuwapo huyu huyu anayenisemea sasa. Yule mama alipopanda jukwaani, mikono ya huyu ilisema: *Pazi, kata. Gesi imekwisha. Akiruka hivi ataanguka.*"

Kicheko kikaisha.

"Mheshimiwa Jaji," nikaruka, "mkono wa mtu unaweza kuteleza, hata mimi nikila ugali..."

Teofili akamtafsiria Mwanne hilo la ugali, neno kwa neno, bila kutabasamu. Mwanne akanitazama mimi, akajibu taratibu, na Teofili akasema kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Sijui kama sheria inamruhusu kuchagua ukubwa wa sauti.

"Kisha mikono ikasema majibu yako. *Mama, bado wenyeviti wa mitaa wastaafu, wamevaa suti.* Yule mama akasema: *Pazi mwanangu, nakuomba.* Ukasema: *Nenda, nakuja.*"

Hayo ya *nakuja* nilidhani tunayajua watu wawili tu.

"Sisi tusiosikia tulijua kabla hajaruka," Teofili aliendelea, na mikono ya Mwanne sasa ilikuwa inakwenda kasi. "Tulipiga meza. Tulipiga milango ya majirani, tukaonyesha televisheni. Wenye masikio wakadhani tunashangilia. Wakatushika mikono tucheze."

Jaji Kisarika akaiweka kalamu chini, na kope zake zikafunguka zote mbili.

"Bwana Pazi," alisema, na cheo changu hakukitaja. "Alikwambia, au hakukwambia?"

Jirani yangu Inginia Siwatu aligeuka. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. Alikuwa anasubiri tu, kama anavyosubiri mtu aliyeambiwa *nakuja*.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na utani mmoja mzuri sana tayari ulimini. Pale kando Teofili akanyanyua mikono yake, vidole vimekunjuliwa, tayari kupokea chochote kitakachotoka. Na watu wote ukumbini, wanaosikia na wasiosikia, wakaacha kuutazama mdomo wangu, wakaitazama ile mikono.